Pimbi na Nyumba Isiyopekuliwa

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba na kutia komeo mlangoni, palikuwa na bonde lililotawaliwa na Chifu Kiboko. Bonde hilo lilikuwa na Katiba. Ilichongwa kwenye jabali, na maneno yake hayakuwa mengi: kila mnyama aseme lililo moyoni mwake, kila mnyama akae na amtakaye, na asiingie yeyote nyumbani kwa mwenzake mpaka apige hodi na aitikiwe karibu.

Mwaka wa uchaguzi ukafika. Kongoni akasimama kushindana na Kiboko, na wengi wakaonekana kumpenda. Wiki hiyohiyo ngoma ya baraza, ile ya kuwaitia wanyama mkutanoni, ikapotea.

"Imeibwa!" akanguruma Kiboko. "Kuanzia leo askari wataingia nyumba yoyote bila hodi mpaka ipatikane. Na nisiwaone wanyama zaidi ya wawili wakizungumza pamoja!"

Mkuu wa askari alikuwa Fisi, na chini yake mbwa mwitu wanane. Puu! Puu! Milango ikapigwa mateke bonde zima. Ajabu ni kwamba waliopekuliwa walikuwa wale tu waliomtaka Kongoni.

Sasa, kati ya waliojitolea kumfanyia Kongoni kampeni walikuwemo Bi Pimbi na rafiki yake Kanga. Hawakulipwa hata punje ya mtama.

"Tutafanyaje mikutano, shoga?" akauliza Kanga.

"Amekataza watatu," akasema Pimbi. "Wawili hakukataza. Mimi na mwenye nyumba ni wawili. Tutakwenda mlango kwa mlango."

Wakaanza, kila mmoja akashika njia yake. Hodi! Wakiambiwa karibu, wanaingia. Wakiambiwa ondoka, wanaondoka bila ubishi.

"Simpigii debe Kongoni kwa ajili ya pembe zake," Pimbi alikuwa akisema. "Ameahidi kuirudisha Katiba. Unayakumbuka maneno yake? Haya, sema na mimi: asiingie yeyote nyumbani kwa mwenzake..."

"...mpaka apige hodi na aitikiwe karibu," mwenye nyumba anamalizia, akichungulia dirishani kama askari wanakuja.

Lakini Fisi alipata habari. Asubuhi moja, puu! Mlango wa Kanga ukaanguka ndani.

"Hapa mko sita!" akafoka Fisi. "Amri inasema wawili!"

"Afande, hawa ni wanangu!"

"Wanazungumza, hawazungumzi?"

"Wanalia tu, Afande!"

Wakamburuta hadi boma la miiba, gereza la Chifu. Pimbi aliyaona yote kutoka kwenye ufa wa mwamba. Askari walipokwenda zao akashuka, akawakusanya wale vifaranga watano, akawapeleka kwake. Kisha akafunga komeo, akakaa chini akitetemeka. Siku nzima hakutoka.

Jioni Kongoni akaja, akapiga hodi.

"Bi Pimbi, inatosha. Watakuua."

"Imebaki nyumba moja sijafika."

"Ya nani?"

"Ya Fisi."

"Umerukwa na akili!"

"Si na yeye ni mkaaji wa bonde hili?"

Kesho yake alfajiri, Pimbi akasimama mlangoni kwa Fisi. Ndani alisikia kitu. Kacha, kacha, kacha. Kama meno kwenye ngozi kavu.

"Hodi!"

Kacha-kacha ikakoma. Halafu kitu kikaanguka, kikaviringika: bum... bum... bum.

"Nani?" sauti ya Fisi ilikuwa ya woga. "Usiingie!"

"Siingii, Afande. Ni mimi Pimbi, wa kampeni. Katiba inasema asiingie yeyote nyumbani kwa mwenzake mpaka apige hodi na aitikiwe karibu."

"Inasema hivyo?"

"Hivyohivyo. Nirudie?"

Akarudia mara tatu, polepole, kama anayemfundisha mtoto. Kisha Fisi akakumbuka cheo chake. "Toka hapo kabla sijakutafuna!" Lakini mlango hakuufungua. Pimbi akaondoka.

Siku ya kura ikafika. Wanyama wote wakakusanyika uwanjani, kila mmoja na kokoto yake. Kabla kura haijapigwa, Kiboko akainuka.

"Mkamateni Pimbi!"

Mbwa mwitu wakamzunguka. Pumzi zao zikampiga usoni.

"Nimekubali, Chifu!" akapaza sauti Pimbi. "Nifungwe. Lakini amri yako haijakamilika. Kuna nyumba moja haijapekuliwa, ile pale kando ya uwanja. Iingiwe bila hodi, sasa hivi. Ngoma ikikosekana, nisitoke kwenye boma la miiba maisha yangu yote!"

"Nyumba ya nani hiyo?"

"Ya Afande Fisi."

Kiboko akacheka, kwa kuwa hakujua lolote. "Basi pekueni, tumalize."

Lo! Fisi aliruka kama aliyekanyaga moto. Akaubana mlango wake kwa mgongo.

"Hakuna kuingia!"

"Kwa nini?" akauliza Kiboko, kicheko kimekatika.

"Kwa sababu... kwa sababu asiingie yeyote nyumbani kwa mwenzake mpaka apige hodi na aitikiwe karibu! Katiba inasema! Ni haki yangu!"

Wanyama wakatazamana. Kisha Digidigi, ambaye mlango wake ulivunjwa mara mbili, akasema kwa sauti ndogo, "Na yangu je?"

"Na yangu?" akasema Ngiri.

Na kutoka huku na huku wakaanza kuyatamka maneno yale waliyofundishwa mlango kwa mlango, kwanza wachache, halafu uwanja wote, mpaka ardhi ikatetemeka.

"Nyamazeni!" Kiboko akapiga kelele. "Askari, vunjeni mlango!"

Hapo Pimbi akapenya katikati ya miguu ya mbwa mwitu, akaenda kusimama mbele ya Fisi.

"Hauvunjwi, Chifu. Hata huu."

"Ebo! Si wewe uliyetaka apekuliwe?"

"Nilitaka ayaseme maneno ya Katiba kwa kinywa chake mwenyewe. Amesema, na wote wamesikia."

Mbwa mwitu wakatazamana. Mmoja akaketi. Mwingine akaketi. Wote wanane wakaketi.

Kura zikapigwa. Kokoto za Kongoni zikajaa mtungi, zikamwagika. Wazee wawili wakatumwa kwa Fisi, wakapiga hodi, wakangoja. Jua lilipokuwa linashuka akafungua mwenyewe, kichwa chini, na ngoma mkononi, ngozi yake imetafunwa nusu.

Boma la miiba likafunguliwa. Kanga akatoka akichechemea, manyoya machache yamebaki, na vifaranga watano wakamrukia kwa pamoja hadi akaanguka chali akicheka na kulia.

Nami nimefika mwisho, wanangu, na ninalowaachia ni hili: ukitaka haki yako iheshimiwe, itetee hata kwa yule usiyempenda.