Mapigo Elfu Moja ya Mzee Kiboko

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana wanangu, maana umeme ulikuwa umeshafika, wanyama wa Bonde la Mafyeko walikuwa na kompyuta moja. Moja tu, bonde zima! Iliwekwa ndani ya banda la mabati, na msimamizi wake alikuwa Bwana Korongo, aliyesimama mlangoni kwa mguu mmoja kutwa nzima, akisema, "Sheria ni sheria."

Humo bandani wote walicheza mchezo mmoja, mchezo wa kujenga kwa matofali. Kila mnyama alikuwa na kiwanja chake ndani ya mchezo. Huyu alijenga nyumba, huyu zizi, huyu daraja lisilokwenda popote, na kila mmoja aliona kazi yake ndiyo kazi.

Sasa, Pimbi. Mnamjua Pimbi? Mnyama mdogo wa majabalini, mnenemnene, hana hata mkia wa kujivunia. Pimbi huyu hakuwa na jabali tena. Jabali la kwao lilipasuliwa likawa kokoto za barabara, na dada zake sita wakatawanyika, kila mmoja na njia yake. Basi akalijenga upya ndani ya mchezo, kwa kukumbuka tu: ufa mrefu hapa, pango la dada mkubwa pale, jiwe la kuotea jua kule juu. Alilipenda jabali lile mpaka akawa halisemi jina lake kwa sauti kubwa.

Lilibaki jambo moja, ukuta. Korongo alikuwa ametangaza kwamba kiwanja kitakachokuwa hakijazungushiwa ukuta ifikapo Ijumaa jioni, kitapewa jirani. Na jirani wa Pimbi alikuwa nani? Mzee Kiboko, ambaye alishasema hadharani kwamba pale penye mawemawe atachimba bwawa.

"Mawemawe!" Pimbi alisema kila alipokumbuka. "Ati mawemawe!"

Jumanne jioni ukuta ulikuwa umebakiza matofali arobaini. Mtasema, arobaini ni nini? Ni kazi ya dakika chache. Ngojeni niwaeleze kero yenyewe.

Zamu za kucheza zilipimwa kwa saa. Si saa ya ukutani, jamani, wala ya mkononi! Katika mchezo ule, ukitandaza waya ukafanya duara na kutia umeme, umeme unazunguka, na kila ukimaliza mzunguko taa inawaka na kuzimika: tik! Hilo ni pigo moja. Chombo hicho ndicho walichokiita saa. Duara likiwa refu, saa inapiga polepole. Likiwa fupi, inapiga harakaharaka. Na karatasi iliyobandikwa bandani ilisema: *Zamu ya kila mchezaji ni mapigo elfu moja ya saa yake mwenyewe.* Yakitimia, skrini inazimika, papu! Anakaa mwingine.

Nani walitunga sheria hiyo? Mzee Kiboko na Bwana Nyati. Nani walikuwa na viwanja vikubwa vya kutandaza waya? Mzee Kiboko na Bwana Nyati! Waya wa Kiboko ulizunguka kiwanja chake chote. Tik. Unakwenda kunywa maji, unarudi. Tik. Alikaa kitini toka asubuhi mpaka jua la utosi. Akitoka, anaingia Nyati, naye ni yaleyale mpaka jua liegemee.

Wadogo je? Panya, Kanga na Pimbi walikuwa na viwanja vya kiganja. Saa zao zilikwenda tikitikitiki, na kabla hujakaa sawasawa, papu! Pimbi aliweza kupanga matofali saba kwa siku. Saba mara tatu ni ishirini na moja. Alihesabu, akahesabu tena, na ishirini na moja haikutaka kuwa arobaini.

Jumatano asubuhi alimwendea Korongo.

"Bwana Korongo, niruhusu nirefushe saa yangu kidogo. Kidogo tu."

"Soma kifungu cha pili."

"Nimekisoma mara mia!"

"Kisome mara ya mia na moja."

Kifungu cha pili kilisema: *Saa inaweza kuongezwa kasi. Kupunguza kasi ni marufuku.* Kiboko ndiye aliyekitia, ili wadogo wasije wakarefusha saa zao. Siku aliyokitia alicheka mpaka matope yakamruka mgongoni.

"Hivi nani mwenye akili timamu atakayetaka kuongeza kasi?" Pimbi aliuliza.

"Hilo halimo katika sheria," Korongo alijibu, akabadilisha mguu.

Pimbi akaenda kukaa kwenye benchi kusubiri. Mbele yake Mzee Kiboko alikuwa amejaa kitini, na kibodi kikilia kwa maumivu chini ya vidole vyake, maana kila akibonyeza kitufe kimoja vilibonyea vitano. Akaweka tofali. Akaliondoa. Akaliweka palepale. Tik. Akapiga mwayo. Akakuna shingo. Akaliondoa tena lile tofali.

Pimbi alivumilia, akavumilia, mwisho yakamtoka.

"Lo! Saa gani hii? Inapiga kama mgonjwa anayekohoa!"

Panya akajificha nyuma ya Kanga. Kiboko akageuka taratibu, kiti nacho kikalia kriii.

"Umesema nini, wewe?"

Pimbi akafungua mdomo aombe radhi. Ndipo alipoona jambo. Mwezi mzima alikuwa amemwomba Kiboko apunguze zamu, akibembeleza kwa heshima zote, na Kiboko alimjibu kwa miayo. Leo kwa neno moja la kejeli, masikio ya Kiboko yalikuwa yamelala chini kama ya mtoto aliyenyang'anywa muwa.

"Si mimi, Mzee wangu," Pimbi akasema polepole. "Ni wanavyosema huko nje. Wanasema ukitaka kujua kama Mzee bado ana nguvu, sikiliza saa yake."

"Wanasema hivyo?"

"Tena wanasema ya Bwana Nyati inadunda zaidi."

"Ya Nyati!" Kiboko akaitazama taa yake. Akangoja. Akaendelea kungoja. Tik. "Mfyuu! Hii ni takataka! Nataka ya haraka. Ya haraka kuliko zote bondeni! Nitengenezee!"

"Mimi? Mnyama mdogo kama mimi?"

"Si wewe ndiye fundi wa kubananisha vitu?"

Hapo alisema kweli, kwa bahati mbaya yake. Ukiishi kwenye kiwanja cha kiganja, unajifunza kubananisha.

Wanangu, msije mkajaribu kumfundisha Kiboko kitu chochote. Mtazeeka.

"Bonyeza hapa, Mzee."

"Hapa?"

"Hapana. Hapa."

"Ndiyo hapa."

"Hapo ni pale, Mzee! Mimi nimesema hapa!"

Mwisho Pimbi akapanda juu ya meza, akashika kazi mwenyewe. Kwanza akatega mwenge, ile taa ndogo ya mchezoni, ujiwashe na kujizima wenyewe. Tiktiktiktik, tsss! Ukazimika kabisa.

"Umekufa!" Kiboko akapiga kelele.

"Haujakufa, umechoka. Mwenge ukiwaka na kuzimika haraka mno, unaungua."

"Mimi sitaki kitu kinachochoka! Watasema ni mimi!"

Pimbi akafumba macho, akavuta pumzi, akaibomoa ile kazi. Akaanza upya.

Katika mchezo ule kulikuwa na tofali moja liitwalo tofali la jicho. Kazi yake ni umbea mtupu. Linatazama kilicho mbele yake, na kikibadilika tu, linakonyeza. Pimbi akachukua mawili, akayapanga yatazamane. La kwanza likakonyeza. La pili likaona, nalo likakonyeza. La kwanza likaona limekonyezwa, litanyamaza? Likajibu! Ikawa kama watani wawili waliokutana msibani, hakuna anayekubali mwenzake awe na neno la mwisho.

Trrrrrrrrrrrrr!

"Mbona taa imeganda?" Kiboko akauliza. "Haipigi hii!"

"Inapiga, Mzee. Jicho lako ndilo linachelewa."

Kiboko akasogeza uso mpaka pua ikagusa skrini. Kweli taa ilikuwa inatetemeka, kidogo sana. Kifua chake kikavimba.

"Saa yangu," akasema, "haionekani kwa macho!"

Jua lilipofika utosini akaingia Bwana Nyati kuchukua zamu, na jambo la kwanza alilolisikia ni sifa za saa ya Kiboko. Puuu! Akapuliza pua, vumbi likaruka.

"Pimbi! Mimi pia nataka ya macho mawili!"

"Bwana Nyati, hata hiyo uliyonayo..."

"Hiyo niliyonayo ni ya vikongwe! Unataka nichekwe?"

Pimbi akaweka jicho, akaweka jicho. Trrrrrrr! Wakati huu hakusema "hapa" hata mara moja.

Korongo akaja na muhuri wake wa kuidhinisha saa. Naye, tumpe haki yake, alisimama akasoma kifungu cha pili kwa sauti, neno kwa neno, mpaka mwisho. "Kupunguza kasi ni marufuku. Mmeelewa, mabwana?"

"Piga muhuri!" akasema Kiboko.

"Anza na yangu!" akasema Nyati.

Paa! Paa! "Saa mpya zitaanza kuhesabiwa kesho asubuhi," Korongo akasema, akapandisha mguu.

Siku ile Pimbi alipanga matofali yake saba, yakabaki thelathini na matatu. Njia nzima ya kwenda nyumbani alikuwa akijiuliza kama kweli wazee wale hawakuona. Walikuwa hawajaona.

Alhamisi, Mzee Kiboko alikuja mapema, amejipaka tope jipya. Akakaa. Kriii! Akajinyoosha. Akafungua kinywa akapiga mwayo wake ule mkubwa wa asubuhi, haaaaaah...

Papu!

"Umeme umekatika!" akasema Kiboko.

"Haujakatika," Korongo akajibu. "Mapigo elfu moja yametimia."

"Nimepiga mwayo tu!"

"Mwayo mmoja, mapigo elfu moja. Anayefuata!"

Nyati akacheka sana, akakaa, akakuna pembe kwenye ukingo wa meza mara mbili. Papu! Kicheko kikamkauka.

Wakaja Panya, kisha Kanga, kila mmoja na tikitiki yake, kisha Pimbi. Akapanga saba. Akarudi mwisho wa foleni, na foleni ikawa inakwenda jamani, inakwenda! Kiboko, papu! Nyati, papu! Panya, Kanga, Pimbi: saba nyingine. Kiboko, papu! Mara ya tatu alikuwa ameshika kibodi tayari, na bado hakuwahi hata tofali moja. Mara ya nne aliingia mbio, akakikosa kiti.

Mara ya tano Pimbi alikuwa amebakiza matofali matano, ndipo Kiboko akaelewa. Akasimama katikati ya banda, njia nzima ikajaa yeye.

"Korongo! Nirudishie saa yangu ya zamani!"

"Kifungu cha pili."

"Kifungu gani? Mjinga gani aliandika kifungu cha..."

Panya akatazama bati. Kanga akatazama bati. Hata Nyati akaona kuna kitu cha kutazama kwenye bati.

Kiboko akamgeukia Pimbi. "Umenidanganya, wewe kamnyama!"

"Nimekudanganya wapi?" Pimbi hasira zilikuwa zimemfika kooni. "Umetaka kasi, nimekupa kasi. Mwezi mzima nakuomba, Mzee wangu, nakuomba nusu ya zamu yako nimalize ukuta, unanipigia miayo. Nimeitukana saa yako mara moja tu, ukanisikia! Sasa nipishe, zamu yangu."

Kiboko akainama, akashusha sauti Nyati asisikie.

"Lakini ya Nyati haiishindi yangu?"

"Haiishindi, Mzee."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Kiboko akaenda zake, kifua mbele.

Pimbi akakaa. La kwanza, la pili, la tatu, la nne. Alipoweka la tano, ukuta ukafunga, na Korongo akaandika jina lake kwenye kile kiwanja mbele ya wote. Yalikuwa yamebaki mapigo machache. Hakujenga kitu. Alimpandisha pimbi wake wa mchezoni juu ya lile jiwe la kuotea jua, akamkalisha akitazama pango la dada mkubwa. Alilia kidogo, wala hakuona haya. Papu!

Basi wanangu, ukitaka kutunga sheria ya kumbana mwenzako, kwanza kaa wewe kwenye kile kiti chake.