Elfu Kumi za Shaame

Huko Wete palikuwa na muuza udi, Shaame, aliyezoea kujicheka kabla watu hawajamcheka. Alimpenda Mize, na Mize alimpenda, lakini baba mtu, Bwana Hilali mwenye mashamba ya karafuu, alishasema hamwozi bintiye bila mahari ya dhahabu nzito.

Shaame akaenda kuposa.

"Mzee wangu, sura yangu waiona, na akili yangu haiipiti sura. Sisi kwetu dhahabu twaipima kwa tola."

"Tola zimekufa na mababu!" Hilali akacheka. "Hapa ni vipimo vya kisasa. Mposaji wa juzi ametaja gramu mia mbili."

"Basi mimi nitaleta elfu kumi za kisasa."

Hilali alipaliwa na kahawa, kisha akawaita majirani waje kushuhudia. "Hebu rudia, mwanangu!"

"Elfu kumi. Na kwa ujinga wangu wa hesabu, huenda nikazidisha."

Siku ya ndoa Shaame akafungua kitambaa, akatoa mkufu mmoja mwembamba.

"Nyingine iko wapi?" Hilali akauliza.

"Ndiyo yote, mzee wangu. Ni tola moja, ila tola umezikataa. Kwa kisasa ni miligramu elfu kumi na moja na ushei. Si nilikwambia hesabu sijui?"

Hilali akafoka, lakini shehe alishageukia mlango wa chumba cha bibi harusi, maana mahari ni yake, si ya baba. "Umeridhika, binti?"

"Nimeridhika," Mize akaitikia kutoka chumbani. "Na hiyo ziada msimrudishie."