Sinia la Tambi Siku ya Mvua

Mwanamke mmoja alikuwa na ndugu wawili wa kiume waliokuwa hawasalimiani. Yeye aliitwa Mwantumu. Kaka yake ni Kondo, mdogo wake ni Mrisho, na ugomvi wao ulikuwa mkorosho mmoja uliosimama mpakani, katikati ya shamba la huyu na shamba la yule. Baba alifariki hajasema mti ni wa nani. Kila mmoja akasema wangu. Mpaka ikafika watoto wao wanapishana njiani kama watu wasiojuana.

Sasa, kwao ndugu wakigombana hawapatanishwi kwa maneno matupu. Anachinjwa mbuzi, linapikwa pilau, wanakaa sinia moja. Wakishakula pamoja, yameisha, hakuna wa kuyafufua. Mwantumu alikuwa anaingoja siku hiyo. Mwaka mmoja mbuzi alikuwepo, mchele ukakosekana. Mwaka mwingine mchele ukawepo, Mrisho akawa safarini. Mwantumu akasema, tungoje kidogo, tufanye kitu cha heshima. Wakangoja. Na chuki nayo haikulala, ilikuwa inakua tu.

Siku moja jioni Kondo alipita kwa dada yake kuchukua jembe lake. Mvua ikashuka, kubwa, ya kutoboa bati. Mara mtu akaingia mbio, kalowa chapachapa. Alikuwa Mrisho. Alipomwona kaka yake alitaka kurudi nje, lakini nje palikuwa hapatokeki. Akakaa karibu na mlango.

"Ikikatika tu, naondoka," alisema.

"Na mimi hivyo hivyo," Kondo akauambia ukuta.

Mwantumu akaingia jikoni. Wote wawili walikuwa chini ya paa lake, na kilichowashika ni mvua peke yake. Wakitoka leo, nani atawarudisha tena?

Jikoni hapakuwa na nyama. Mchele haukuwepo. Palikuwa na pakiti ya tambi, kitunguu, nyanya zilizoanza kulegea, fungu la mchicha, na dagaa waliobaki mchana. Alisoma pakiti taratibu, neno kwa neno: maji yachemke kwanza. Akabandika maji, akatia chumvi. Huku yanachemka, pembeni akakaanga kitunguu, akatia nyanya, akatia dagaa, mwisho mchicha. Hakuna kati ya vitu hivyo kilichonunuliwa kwa ajili ya mwenzake.

Tambi ziliingia majini ngumu kama vijiti. Mwantumu alisimama anaziangalia. Zikainama. Zikalegea. Alipozichanganya na mboga zilipokea kila kitu, nyanya zilizokaribia kuharibika, dagaa wa mchana, na hazikuuliza nyama iko wapi. Akaonja. Akaweka mwiko chini. "Ee Mola wangu," alisema peke yake, "kumbe suluhu ilikuwa nyepesi hivi?"

Mvua ilikuwa inapungua. Akapakua haraka, akaweka sinia katikati ya mkeka, na bakuli la maji.

Kondo akachungulia. "Tambi? Tena za dagaa? Mbuzi wetu yuko wapi, Mwantumu?"

"Labda kasombwa na mafuriko," Mrisho akasema, kisha akajiziba mdomo, maana kicheko kilikuwa kinamtoka.

Mwantumu hakucheka. Alisema, "Mbuzi hatukumpata. Naweni."

Wakanawa. Wakaanza kula, kila mtu upande wake, macho chini. Kwa haraka Mwantumu alikuwa amesahau kuzivunja tambi kama tunavyozivunja sote, kwa hiyo zilikuwa ndefu. Kondo akavuta moja. Ikaja, ikaja, ikakaza. Ncha ya pili ilikuwa kwenye vidole vya Mrisho.

Mikono miwili ikasimama juu ya sinia. Kitu chenyewe chembamba, jani la mchicha limening'inia katikati, na wanaume wawili wazima wamekishika, wanaangaliana usoni kwa mara ya kwanza tangu maziko ya baba yao.

Kondo akaachia. "Kula, mdogo wangu."

Mrisho alitaka kuila, ikamshinda. Akaikata katikati, akasogeza kipande upande wa kaka yake.

Juu ya bati pakawa kimya. Mvua ilikuwa imekatika. Hakuna aliyeinuka.

Ndugu zangu, mimi nikilifikiria jambo hili mwili unanisisimka. Miaka yote ile suluhu ilikuwa inaweza kupikwa kwa muda mfupi kuliko mvua ya jioni moja, na kwa vitu vilivyokuwa ndani. Basi na wewe unayengoja mpaka mambo yako yakamilike ndipo umwite mwenzako: jikoni kwako, jioni hii, kuna nini?