Kiti cha Mama Kwenye Helikopta

Wapendwa, wale wa nyuma mlioegemea ukuta, sogeeni mbele. Leo sina nguvu ya kupaza sauti, na hili ninalotaka kusema si la kusemwa kwa kelele. Nitawapa mfano. Ni wa kutunga, kwa hiyo mkitoka hapa msianze kuulizana mchungaji alikuwa anamsema nani. Lakini ukikuchoma, usinilaumu mimi.

Kulikuwa na mtu mmoja katika mji mmoja wa pwani, fundi wa majokofu. Mtu mwema. Nataka hilo mlishike tangu mwanzo. Hanywi, hagombani na mkewe, kanisani anakuja, na mama yake mjane anaishi naye nyumbani kwake, chumba kizuri, kina feni na dirisha. Ningewaletea habari za mtu mbaya mngesema, ah, huyo si mimi, mkasinzia zenu.

Mume wa yule mama alikuwa kuli bandarini. Alifariki wakati huyu fundi bado anabebwa mgongoni, akazikwa kwenye makaburi madogo nyuma ya nyumba za makuli. Kila Jumamosi mama alikuwa anakwenda na fagio lake, anang'oa majani, anafagia, anakaa kidogo, anarudi kupika. Halafu, mwana bado yuko mgongoni, bandari ikapanuliwa. Nyumba zikavunjwa, watu wakahamishiwa nje ya mji, makaburi yakabaki huko ndani. Mama akarudi getini mara ya kwanza, akafukuzwa. Akarudi mara ya pili, akafukuzwa. Mara ya tatu askari wa getini akamwambia maneno ambayo mjane hatakiwi kuambiwa na mtu yeyote. Hakwenda tena peke yake.

Ila kila mwaka Pasaka ikikaribia, watu wanaposafisha makaburi ya wapendwa wao, alikuwa anamwambia mwanawe, "Baba yako kafungiwa kule. Twende tukaulize tena, labda wamebadilika."

Na mwana anajibu, "Tutakwenda, mama."

Tutakwenda. Hiyo tutakwenda mnaijua, maana hata nyinyi mnayo moja mfukoni. Iliendelea hivyo mpaka fundi mwenyewe akaota mvi.

Basi mwaka mmoja, sikukuu za mwisho wa mwaka, ikaja helikopta pale mjini. Ilikuwa inatua uwanja wa mpira, inachukua watu watatu watatu, inawazungusha dakika kumi na mbili: inapita ufukweni, inapita juu ya mji, inapita juu ya bandari, inarudi. Fundi aliposikia hilo neno bandari, akaenda mbio kulipia viti vitatu, cha mama, cha mkewe na chake.

"Mama," akasema, "mwaka huu utamwona baba. Utamwona kutoka juu, na utanionyesha kaburi lake ni lipi."

Wiki ile mama hakulala vizuri kwa furaha. Alifua kitenge chake cha kwaya, akakipiga pasi mara mbili. Miwani yake mkono mmoja ulikuwa umefungwa kwa uzi, akaipeleka ikatengenezwa, maana alisema hataki kwenda kumtazama mumewe na miwani ya uzi. Akamuuliza jirani, "Eti kile kidude kikiwa juu, dirisha linafunguliwa?" Jirani akamwambia halifunguliwi. Akasikitika kidogo, kumbe alitaka kudondosha ua.

Siku yenyewe ikafika, na asubuhi hiyo hiyo hodi mlangoni. Kaka wa mke wa fundi, kutoka bara, hakutoa taarifa, ana kuku wawili mkononi na hajawahi kuona bahari tangu azaliwe. Mke, kwa uungwana wake, akasema, "Kaka achukue nafasi yangu, mimi nitabaki nipike." Mpaka hapo hakuna aliyekosea.

Wakafika uwanjani. Pale kabla hujapanda unapimwa uzito. Mama akapanda mizani, mwepesi kama kifuko cha pamba. Fundi akapanda. Shemeji akapanda, na mshale ukakimbia kama umetumwa. Mnacheka. Hata waliokuwa kwenye foleni walicheka, na shemeji mwenyewe alicheka. Rubani hakucheka. Akasema, "Samahanini, hapa mmezidi. Mmoja itabidi abaki. Na hii ndiyo safari yetu ya mwisho, jioni tunaondoka kwenda mji mwingine."

Sasa nisikilizeni. Shemeji hakujua habari za kaburi, nani angemwambia? Alikuwa ameingia asubuhi. Kilichotakiwa pale ni sentensi moja tu: "Shemeji, utaniwia radhi, safari hii ni ya mama." Ungeisema kabla hujameza mate. Lakini fundi akawaza, nitamwambiaje mgeni? Akirudi kwao atasema nini juu yangu? Akainamisha kichwa, akawa anatazama nyasi. Na mama akauona uso wa mwanawe. Mama huona shida ya mtoto hata mtoto awe na mvi.

"Nendeni nyinyi," mama akasema. "Mgeni hawezi kuja kwetu akaachwa chini. Mimi nitawatazama kutoka pale kivulini."

"Kweli, mama?"

"Kweli, baba. Si kitu. Na magoti haya, ningepandaje pale?"

Na fundi akapanda.

Hebu tukae hapa kidogo. Sisi watu wa huku, ukienda kwa jirani ukakuta sahani iko mezani, anakwambia nini? Karibu chakula. Wewe unasema, asante, nimeshiba. Je, anafunika sahani? Thubutu. Anakwambia, karibu bwana, hata tonge moja. Unasema, nimetoka kula sasa hivi. Anakwambia, basi onja tu. Hapo unanawa mikono, na ukishaanza kuonja chungu kinajua kimepata mtu. Kila mmoja wetu amelelewa hivyo. Tunajua kwamba hapana ya kwanza ni adabu, bado si jibu. Mgeni tunamsihi mara tatu, jirani mara tatu, hata mdai tunamsihi akae anywe chai. Lakini mama yake mzazi, fundi alimuuliza mara moja, akaona imetosha. Kwa nini? Nijibuni. Alisahau mila? Hakusahau. Jibu la mama lilimfaa, basi.

Helikopta ikanyanyuka. Mama huku chini kashika kilemba kisichukuliwe na upepo, anapunga mkono. Huko juu shemeji kachangamka, si mchezo. "Shemeji, ule mnara wa nini? Shemeji, ile nyeupe ni mawimbi? Nyumba yenu iko wapi?" Fundi naye akanogewa, akaanza kutafuta bati lake la bluu kati ya mabati ya watu wote, akaliona, akalionyesha kwa kidole kwa fahari kubwa. Walipofika juu ya bandari shemeji akasema, "Nipige picha, meli zionekane kwa nyuma." Akampiga. Shemeji akaitazama, kafumba macho. "Rudia, shemeji." Akarudia. Alipoinua kichwa, bandari ilishapita na uwanja wa mpira ulikuwa unakaribia.

Wakashuka. Mama akatoka kivulini kwa haraka, na magoti yale yale. Hakuuliza juu kukoje. Hakuuliza kama walifurahi.

"Umemwona baba yako?"

Angesema, mama nisamehe, sikutazama. Mama angenuna siku mbili, ya tatu wangekunywa chai pamoja. Ni aibu ndogo tu ile. Lakini aibu ndogo tunaiogopa kuliko dhambi kubwa, si ndivyo tulivyo?

"Nimemwona, mama."

"Pakoje?"

"Pasafi. Msalaba umesimama."

Macho ya mama yakajaa machozi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Na hakuna pa kupenya? Hata kinjia cha nyuma?"

"Hakuna, mama. Ukuta umezunguka kote."

"Haya," akasema. "Mungu akubariki, mwanangu. Umenitazamia."

Kuanzia siku hiyo mama hakuuliza tena. Aliwaambia wenzake wa kwaya kwamba mwanawe amepaona kwa baba yake kwa macho yake mwenyewe, na ni pasafi. Pasaka ikaja, akanyamaza. Fundi akashusha pumzi. Alisikia raha, wapendwa, na mimi raha ile inanitia hofu kuliko uongo wenyewe.

Miezi kumi baada ya ile safari mama akafariki. Hakuumwa sana. Walimzika makaburi mapya ya nje ya mji, kwaya yote ilikuja, na fundi alilia mpaka watu wakasema, huyu alimpenda mama yake. Ni kweli, alimpenda sana. Upendo ulikuwepo siku zote.

Mwisho wa mwaka helikopta ikarudi. Fundi akaenda, akalipia viti vyote vitatu, akapanda peke yake. Rubani akamuuliza wenzake wako wapi, akasema hana. "Nipeleke bandarini tu." Safari hii simu ilibaki mfukoni. Akatazama. Akaona makontena, akaona winchi, akaona maghala, na nyuma ya maghala kijani kidogo na misalaba. Ukuta upo pande tatu. Upande wa nne, ule wa reli, hakuna ukuta. Kuna fensi ya waya na kigeti, kigeti kiko wazi, na ndani mwanamke mmoja kainama anafagia, ndoo ya maji pembeni yake.

Akamwambia rubani, "Nirudishe chini."

Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kile kigeti. Akamkuta mlinzi, mzee mpole, kakaa kwenye kiti cha plastiki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kusafisha? Ingia tu."

"Mlango huu umefunguliwa lini?"

"Mimi huu mwaka wa nne niko hapa, na niliukuta. Jumamosi huja watu wengi, kina mama hasa."

Miaka minne. Kila Jumamosi ya miaka ile, mpaka alipofariki, yule mama angeweza kuchukua fagio lake na kwenda. Na yule aliyetumwa akatazame kutoka juu alirudi akamwambia hakuna njia.

Fundi akaingia ndani. Akakuta misalaba ya saruji, thelathini, labda arobaini. Majina yalikuwa yameandikwa kwa rangi, na rangi ilikwishaliwa na mvua. Akapita mmoja mmoja. Akarudia. Mwisho akasimama katikati. Mlinzi akamwonea huruma, akamfuata.

"La kwenu ni lipi?"

"Sijui, mzee."

"Hujawahi kuletwa?"

"Nililetwa nikiwa mgongoni. Anayelijua ni mama."

"Sasa shida iko wapi?" mlinzi akasema. "Kamlete mama akuonyeshe."

Wapendwa, mfano wangu umeishia hapo. Sijui fundi alijibu nini, na sitaki kumtungia jibu, kwa sababu mimi mwenyewe sina.

Sasa tuseme yetu. Sisi tuliomo humu si watu wabaya. Tumewajengea wazazi wetu vyumba, tunawatumia sukari na dawa, kwenye harambee ya kanisa tunaandikisha majina yao. Lakini ni lini tuliwasihi? Mzee anasema, msijisumbue kuja, barabara mbaya, nasi tunashukuru kwamba ametuelewa. Anasema, macho haya ya kawaida tu, hospitali ya nini, nasi tunasema ni kweli, ni ya kawaida. Wanatuachia viti vyao kwa adabu, nasi tunavikalia. Kisha wakituuliza jambo moja tu walilolitaka, tunawapa jibu la kuwanyamazisha. Wananyamaza. Na wakinyamaza tunadhani wameridhika.

Ndugu yangu, kuna vitu ambavyo duniani kote anavijua mtu mmoja tu, na mtu huyo yuko nyumbani kwako sasa hivi anakwambia si kitu. Usimwamini. Kwa jambo hili moja nakupa ruhusa ya kutomwamini mama yako. Muulize mara ya pili. Akikataa, muulize mara ya tatu, kaa chini, usitazame saa.

Nilikuwa nimepanga tumalizie na matangazo. Matangazo yatangoja. Wote ambao mama zenu wako hai, simameni. Simameni, msitazamane. Tokeni nje sasa hivi mkawapigie simu, na aliye jirani na mama yake aende kwa miguu. Mlango uko wazi. Sisi ambao hatuna wa kumpigia tutabaki hapa ndani, nami nakuja kukaa hapo kwenye benchi pamoja nanyi.