Kibao Kimoja, Majina Matatu

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime. Hadithi hii haina mwisho, wala si kwamba nimeusahau. Mwisho mtautia nyinyi wenyewe, kwa hiyo sikilizeni vizuri msije mkahukumu kwa kubahatisha.

Kilikuwepo chuo kikuu kimoja huko nyanda za juu, ambako asubuhi ya baridi mwanafunzi huvaa sweta mbili na bado akatetemeka. Waliosomea udongo na mazao walikuwa zaidi ya mia, lakini kati yao kulikuwa na kundi dogo lililoitwa Darasa la Mahiri. Kila mwaka kundi hilo liliongeza mtu mmoja tu. Huyo mmoja alipata kipande cha shamba cha kufanyia utafiti wake kwa miaka miwili, alipata ufunguo wa maabara, na akimaliza aliendelea na shahada ya pili bila kumbembeleza mtu. Waliokosa walirudi kwa wenzao, na nafasi ya pili haikuwepo.

Sasa, walimu wa chuo hicho hawakumchagua mtu huyo wenyewe. Walijua kwamba kila mwalimu humpenda mwanafunzi anayefanana naye. Kwa hiyo waliwatuma wanafunzi watatu walio bora kwa mkulima mmoja mwenye shamba linaloumwa, wakae naye msimu mzima, na mwisho mkulima ndiye aliyeamua. Alipewa kibao cha mbao, brashi na kopo la rangi nyeupe. Kibao chenye jina aliloliandika kilichomekwa kwenye kona ya shamba lake, kwa sababu kipande cha utafiti kilikuwa hapo hapo. Jina likishakauka halifutwi.

Mwaka huo mkulima alikuwa Bi. Sikudhani Kihwele, mjane mwenye ekari mbili na maneno mengi. Mahindi yake yalikuwa yamedumaa misimu mitatu mfululizo. Kila mwaka aliongeza mbolea ya kupandia, na kila mwaka mahindi yalizidi kununa.

"Nikiyatazama," aliwaambia wale wanafunzi siku ya kwanza, "naona kama tumegombana na hawataki kuniambia kosa langu."

"Hawataki, mama, au hayataki?" aliuliza mmoja wao huku akicheka.

"Wewe, nimeishi nayo mahindi haya kuliko nilivyoishi na marehemu mume wangu. Kwangu ni watu."

Aliyecheka alikuwa Ikupa, msichana kutoka Rungwe. Kipaji chake kilikuwa macho. Alikuwa anaweza kupita kwenye shamba la jirani akiwa anaongea habari nyingine kabisa, kisha akasimama na kusema mmea fulani pale una kiu, au una funza, au umechomwa na dawa. Wa pili alikuwa Shija, Msukuma mpole mwenye mikono isiyotetemeka. Kipaji chake kilikuwa kupima. Alichokipima mara moja alikipima tena, na mara ya tatu, na mtu akimharakisha alianza upya. Wa tatu alikuwa Kizito Ndunguru wa Mbinga, na kipaji chake kilikuwa miguu na uaminifu wa kazi. Ukimwambia achimbe mahali ishirini, hachimbi kumi na tisa, na shamba likiwa na kona mbaya atakwenda huko kwanza.

Ikupa aliangalia. Siku ya tatu alichutama katikati ya mistari, akageuza jani changa la mhindi, akawaita wenzake. Karibu na kitako cha jani kulikuwa na michirizi mipana iliyopauka, mmoja kila upande wa uti wa kati, na mmea wenyewe ulikuwa umebanana kana kwamba umekaliwa. "Hii ni njaa ya zinki," alisema. "Kitu kidogo sana udongoni, lakini kikikosekana mahindi hayakui. Na ile mbolea mama anayoiongeza inazidi kukibana." Akaandika hivyo kwenye daftari lake na kuweka tarehe.

Kizito alichimba. Alilitembea shamba kwa kukata kona huku na huku, akakwepa kichuguu, akakwepa mahali palipokuwa na zizi zamani, akakwepa njia ya mbuzi, na kila hatua thelathini alitoa udongo wa kina kimoja. Mahali ishirini. Udongo wote aliuchanganya kwenye ndoo, akatoa konzi mbili ziwe sampuli ya shamba zima, akazifunga na kuzipeleka maabara kwa mguu, kilomita kumi na moja.

Shija alipima. Alipima mara tatu, na mara zote tatu jibu lilikuwa moja: zinki ipo, tena ipo tele.

Hapo kazi ikakwama. Ikupa alisema majani hayadanganyi. Shija alisema namba haijui kudanganya. Mwalimu aliyewasimamia, Dkt. Mgimba, alisema mashine ni mashine na jicho ni jicho, na kwamba ripoti ya chuo huandikwa kwa namba. Ikupa aliufuta mstari wake kwenye daftari. Kwa siku kumi hakumsemesha mtu vizuri, na usiku mmoja Bi. Sikudhani alimsikia akilia, shuka amejifunika kichwani. Ushauri mpya ukaanza kuandikwa: udongo ni mzima, mama abadilishe mbegu.

Shija, hata hivyo, hakuridhika na ushindi wake. Siku ya kumi walipokusanyika barazani kwa Bi. Sikudhani ili ripoti itiwe sahihi, aliitazama karatasi yake kama mtu aliyepewa chenji nyingi kupita kiasi.

"Namba yangu ni sahihi," alisema. "Lakini ni kubwa mno. Hakuna shamba wilaya nzima lenye zinki namna hii. Zinki hii haikutoka ardhini. Imetoka wapi?"

Bi. Sikudhani alikuwa anamenya viazi kando yao, akaendelea kumenya.

"Imetoka kwenye ndoo," alisema Kizito.

Ni lazima niwaeleze hapa, maana si wote mmechimba udongo. Bati hupakwa zinki lisishike kutu. Ukiukoroga udongo wa kupima ndani ya ndoo ya bati, ndoo huuongezea zinki yake kidogo, na hicho kidogo kinatosha kuivuruga hesabu yote. Ndiyo maana mlangoni mwa maabara ya chuo kuna karatasi yenye maandishi makubwa: NDOO YA PLASTIKI TU. Hakuna mwanafunzi asiyeijua.

"Ndoo yangu ilipasuka juu ya jiwe nikiwa nimeanza kuchimba," Kizito aliendelea. "Nikatumia ya bati. Niliiosha. Nilijua hairuhusiwi, nikajiambia mara moja haidhuru. Majibu yalipotoka nilishuku, nikaogopa kusema. Nimeogopa siku kumi."

"Siku kumi!" alisema Ikupa. "Siku kumi mimi najiona mjinga, na wewe unakula ugali mbele yangu!"

"Nisamehe."

Dkt. Mgimba alivua miwani. "Kizito, kanuni inaniruhusu nikuondoe kwenye orodha leo hii. Sitakuondoa. Atakayeamua ni mama, na hili ameshalisikia kwa masikio yake. Hiyo ndoo ya bati uliipata wapi?"

"Niliiokota tu, Daktari," Kizito alijibu, akiangalia miguu yake.

Bi. Sikudhani alimenya kiazi alichokishika mpaka kikabaki kidogo kama yai la kware.

Kesho yake Kizito alinunua ndoo ya plastiki, akarudi mahali pale pale ishirini, akachimba upya kutwa nzima, akaenda tena kilomita zile kumi na moja. Shija alipima mara tatu. Safari hii zinki ilikuwa karibu hakuna, na kwa kuwa namba yake ilikuwa ya kuaminika, walijua kiasi cha kuongeza, kisipungue na kisizidi. Ikupa aliandika upya mstari alioufuta, akasimamia unyunyiziaji wa zinki, akachagua siku na saa kwa kuangalia majani. Baada ya wiki tatu majani mapya yalitoka kijani kibichi, bila michirizi. Bi. Sikudhani aliyapitia moja moja akiyasalimia, na sisemi uongo, alilia hadharani wala hakuona haya.

Siku ya kibao ikafika. Majirani walikuja, Dkt. Mgimba alikuja na kopo la rangi, na wale watatu walisimama kwenye kona ya shamba wamevaa nguo safi. Bi. Sikudhani alisoma mpaka darasa la saba na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa daktari, lakini alipopewa brashi hakuichovya.

"Kabla sijaandika," alisema, "kuna kitu. Kizito, kakilete. Kiko nyuma ya jiko."

Kizito hakusogea. "Mama, si lazima."

"Kakilete."

Akakileta. Ilikuwa ndoo ya bati, kuukuu, yenye mkono wa waya.

"Ndoo ni yangu," alisema Bi. Sikudhani. "Yake ilipopasuka alitaka kurudi chuoni kuchukua nyingine. Mimi nikamwambia, we kijana, udongo ni udongo, utatembea kilomita ishirini na mbili kwa ajili ya ndoo? Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nikamwambia anadharau vyombo vyangu, ndipo akapokea. Na siku ile barazani alipobanwa alisema ameiokota. Nilikuwa pale, namenya viazi. Nilinyamaza. Nimeona aibu wiki saba, na sasa mnanipa brashi nihukumu watu."

Minong'ono ikapita. Dkt. Mgimba alikohoa.

"Mama, asante kwa kusema. Lakini utaratibu haubadiliki. Kibao ni kimoja."

"Basi nawauliza wenyewe," alisema. "Ikupa?"

"Mimi niliona siku ya tatu," alisema Ikupa. "Ningesikilizwa, mahindi yangepona mapema. Wote wawili walinifanya nijifute. Lakini kweli, bila kipimo ningemwaga zinki kwa kukisia, na ningeweza kuliharibu shamba lako."

"Shija?"

"Namba zangu zilikuwa sahihi mara zote mbili," alisema Shija. "Na mimi ndiye niliyeuliza zinki imetoka wapi, wakati jibu la kwanza lilikuwa linanipa sifa. Lakini ningeuliza mpaka leo kama Kizito angenyamaza."

"Na wewe?"

Kizito alikuwa bado ameishika ndoo. "Mama, ndoo ilikuwa yako, lakini karatasi ya mlangoni niliisoma mimi. Nilikosa, nikasema kwa kuchelewa, nikarudia kazi. Sina la kuongeza."

Bi. Sikudhani akachovya brashi. Alifikiria miaka miwili, mtu mmoja akilima hapa ubavuni mwake kila asubuhi. Macho yanayoona kabla ya wengine. Mikono inayokataa kupendelea hata upande wake. Na huyu wa tatu, aliyevunja kanuni kwa kumheshimu yeye, akaibeba aibu yao wote wawili peke yake. Alijiuliza kama akimwandika Kizito atakuwa amemlipa haki yake, au atakuwa amejinunulia usingizi. Na asipomwandika, je, atakuwa amemnyima kwa sababu ya kosa la nani?

Nawaona mnataka kusema waandikwe wote watatu. Nafasi ni moja tu, nimeshawaambia. Na msiniulize aliandika nani, maana nilipofika mimi kwenye habari hii brashi ilikuwa bado iko juu, na rangi inadondokea kiatu cha Dkt. Mgimba.

Haya, wewe uliyekaa kimya muda wote, na wewe uliyekuwa unatikisa kichwa. Shika brashi. Watu wanasubiri, rangi inakauka, na ndoo ile iko pale chini mbele ya macho yako. Unaandika jina la nani?