Ubao wa Saumu

Isome taratibu, kisha mtumie yeyote anayeumia mwenzake akisifiwa.

Wasichana wawili, Saumu na Nyamvula, walijifunza kazi katika karakana moja ya pwani. Walilaza nyuzi za katani kwenye gundi nzito, wakazikandamiza mpaka zikawa mbao ngumu.

Siku moja Fundi Mhina, mwalimu wao, akawaambia, "Chuo cha ufundi kimetupa nafasi moja. Kila mmoja atengeneze ubao. Mbao zote mbili tutazizamisha baharini siku arobaini, kisha tutazipakia mawe. Ubao utakaobeba mengi zaidi, mwenyewe ataenda."

Saumu aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Lakini kila mtu alimsifu Nyamvula. Hata mama mzazi wa Saumu alimwambia, "Mtazame mwenzio, ile ndiyo mikono ya fundi." Maneno hayo yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Mbao zikafungwa kwenye nguzo ya gati, chini ya maji. Kila siku Saumu alikwenda kuziangalia. Ubao wa Nyamvula aliogopa kuugusa, akautazama tu majini. Wake aliufungua, akauanika juani mpaka ukakauka, akaupima kwa vidole kama umevimba, akaurudisha majini.

"Shoga, kila siku baharini?" Nyamvula alimwuliza.

"Naoga. Au bahari nayo ni yako?"

Siku ya arobaini, ubao wa Nyamvula ulipinda, ukalia, lakini ukabeba mawe tisa. Wa Saumu ulivunjika kwenye jiwe la nne.

"Ameuharibu huyu!" Saumu alipiga kelele. "Fundi, ameniharibia!"

Fundi Mhina akaokota vipande. Ndani mlikuwa na nyufa nyembamba kama nywele, na nyuzi zimeachana na gundi.

"Ubao huu umelowa na kukauka mara nyingi. Kila mara ulivimba na kusinyaa, mpaka ukapasuka. Nani alikuwa akiutoa?"

Saumu akainamisha kichwa. "Mimi. Nilitaka kujua kama wangu umeushinda wake."

Fundi akaenda kwenye pipa la maji ya bahari. Kila ubao unaozamishwa, karakana ile hukata kipande chake na kukiloweka humo siku zile zile, bila kukitoa. Akakipinda cha Nyamvula, kikavunjika. Akakipinda cha Saumu kwa nguvu zake zote. Hakikuvunjika.

"Wako ndio uliokuwa bora, mwanangu," alisema polepole. "Ungeuacha tu."

Jumatatu Nyamvula akaenda chuoni. Saumu alibaki na kile kipande mkononi.

Funzo: Wivu haukumgusa Nyamvula hata kidogo, ulivunja kazi nzuri ya mwenye wivu. Fanya kazi yako, kisha iache ikomae bila kuipima kila siku kwa ya mwenzako.