Mfalme Asiyehema

Hii nimeletewa na shemeji yangu asubuhi, nikaisoma mpaka maji ya chai yakakaukia jikoni. Sitaki kuila peke yangu. Isome, halafu mpelekee yule mtu wako ambaye kila siku anasema ataanza, ila anaona haya kuonekana anaanza.

Hapo kale, kwenye nchi moja ya milima na baridi, alitawala mfalme aitwaye Mbwilo. Mwili alikuwa nao, tena wa kutosha watu wawili. Na nchi ile ilikuwa na mwiko: mfalme hahemi mbele ya watu. Akionekana anatweta, walisema, heshima ya kiti imekwisha. Kwa hiyo Mbwilo hakupanda mlima, hakukimbia, hata ngoma aliitazama tu akiwa amekaa. Na tuseme ukweli, mwiko ule ulimfaa. Kupanda ngazi za nyumba yake mwenyewe kulimtoa jasho, ila siri hiyo aliijua yeye na mkewe.

Juu kabisa, mawingu yanakolala, kulikuwa na bonde. Mvua zikikolea lilijaa maua ya mwituni, na wanawake walipanda kwenda kuyatazama, wakarudi wakiimba. Kila mwaka walimletea mfalme fungu moja. Lakini njia ilikuwa ndefu. Fungu lilifika limelegea kama mchicha wa jana, naye alilipokea kwa adabu, akashangaa moyoni wanawake hawa wanaimba nini.

Mwaka mmoja tajiri Kyando akaja barazani.

"Mfalme, naomba lile bonde nililime viazi. Nalijua vizuri, nimefika mara nyingi. Kule ni majani matupu."

Mbwilo akakumbuka yale mafungu. "Maua ya huko nayaona kila mwaka," akasema. "Sioni cha kulilia. Njooni kesho nitoe hukumu."

Hapo akasimama shangazi yake, Bibi Tusekile. Wazee wakainamisha vichwa, maana kumkemea mfalme aweze nani kama si shangazi yake?

"Mwanangu, wewe maua hujayaona. Umeona maiti zake. Panda ukayaone yakiwa hai, ndipo uhukumu."

"Shangazi, mfalme hahemi mbele ya watu."

"Kwa hiyo kuhema ni aibu, ila kuhukumu usichokijua si aibu?"

Uso wa Mbwilo ukamchoma. Alijua shangazi amesema kweli. Alijua pia kwamba jembe likishaingia bondeni, yale maua ndiyo basi tena. Lakini aliogopa. Si mlima alioogopa, jamani, ni kicheko. Aliwaza watoto wakiigiza pumzi zake njiani, akatamani ardhi immeze.

Asubuhi watu walipokuja kusikia hukumu, walimkuta amejitanda blanketi, fimbo mkononi.

"Twendeni wote juu," akasema. "Kyando, wewe unayeijua njia, tangulia."

Kyando akameza mate, akatangulia.

Mlima ulipoanza kusimama, mfalme akabana mdomo, akawa anavuta pumzi kwa pua. Macho yalimtoka, shingo ikamvimba. Bibi Tusekile akamsogelea.

"Fungua mdomo, mwanangu. Utakufa na heshima yako."

Mbwilo akafungua mdomo. Loo! Pumzi zikatoka kama mvukuto wa mhunzi. Akainamia fimbo, akangoja watu wacheke.

Hawakucheka. Alichosikia nyuma yake ni kuhema. Wazee wanahema, walinzi wanahema, wanawake waliozoea njia nao wanahema. Mlima haukumbagua mtu. Mbwilo akajifuta jasho, akapiga hatua nyingine, na nyingine tena.

Wakafika njia panda. Kyando akasimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akakuna kichwa.

"Nadhani ni hii ya kushoto."

Wanawake wakaangua kicheko hadi wakashikana mabega. "Hiyo inashuka kwenye udongo wa vyungu, baba! Bonde liko kulia!"

Kumbe bwana mkubwa hajawahi kukanyaga huko hata siku moja! Kicheko alichokiogopa mfalme usiku kucha kikamwangukia aliyedai amefika, wala hakikumgusa aliyekuwa akihema. Mbwilo naye alicheka, mbavu zikamuuma maradufu.

Walipovuka ukingo wa mwisho, ukungu ulikuwa unafunguka. Bonde lote lilikuwa maua. Meupe, ya zambarau, ya manjano, na mengine mekundu yamesimama wima kama mienge, yamelowa umande, nyuki wameyajaa. Hakuna hata moja lililolegea. Mbwilo alitupa fimbo, machozi yakamtoka mbele ya watu wote, wala hakuyafuta.

"Nahema!" akapiga kelele. "Nahema, na nimeona!"

Vigelegele vikapigwa mpaka milima ikaitikia.

Akamgeukia Kyando. "Bado unaona majani matupu?"

Kyando alikuwa amevua kofia. "Mfalme, jembe langu lisije likasogea hapa."

"Basi sikilizeni hukumu," akasema Mbwilo. "Bonde hili halilimwi. Na kuanzia leo, hakuna atakayekalia kiti changu kabla ya kupanda hapa kwa miguu yake, watu wote wakimsikia anahema."

Kisha akaomba ngoma. Na yule mfalme ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheza, alicheza ukingoni mwa bonde, anatweta, anacheka, shangazi yake akimshangilia kwa kitambaa, mpaka walinzi wakaomba wapumzike.

Funzo: Anayeona haya kuhema mbele ya watu ataletewa maua yaliyonyauka maisha yake yote. Panda, hema, uyaone kwa macho yako.